Kamba ya Mbuzi wa Noeli

Nyumba yangu ya Kimemi ina ghorofa mbili na mabati ya rangi ya damu ya mzee, na mtu anayeingia Butembo kutoka kusini anaiona mapema, upande wa mlima, kabla hajaanza kuona soko. Nasema hivyo bila haya. Niliondoka nchi hii nikiwa na mashati mawili ndani ya mfuko wa plastiki. Nilirudi baada ya miaka kumi na saba nikiwa na diploma ya usimamizi wa maghala na usafirishaji, diploma halisi yenye mihuri miwili, niliyoipata kwa kuosha sahani mchana na kukaa darasani jioni katika mji ambao maji ya mto wake hugeuka jiwe. Leo diploma hiyo imo ndani ya kioo sebuleni kwangu, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Depo yangu ya saruji na mabati inalisha mafundi kutoka Butembo hadi Kayna. Sikuwa na mjomba waziri wala baba mwenye shamba la kahawa. Kila tofali nililiweka mwenyewe.

Naanza hivi makusudi. Kosa ninalotaka kulisimulia halikufanywa na mjinga. Lilifanywa na mtu aliyesoma, aliyepanga kila kitu kwenye karatasi na kumfikiria kila mgeni.

Mama yangu haishi katika nyumba hiyo. Nilimtengenezea chumba cha chini ili asipande ngazi, nikamwekea maji ya moto, kwa sababu Butembo kuna baridi na yeye amezoea joto la Beni. Alilala humo siku nne. Siku ya tano alikunja kitenge chake, akasema kwamba pale hakuna mtu wa kumsalimia asubuhi, akarudi Mulekera, huko Beni, kwenye parcelle, kiwanja chake, na nyumba ya mbao aliyonizalia. Nilimwambia Beni si mahali pa kuishi tena, kwamba kila juma tunasikia kijiji kimechomwa na watu wamekatwa kwa mapanga katika mashamba yao. Alinijibu kwamba hayo anayajua kuliko mimi, kwani baadhi ya hao waliokatwa alikuwa akinunua kwao mafuta ya mawese.

Avenue yake ni fupi, nyumba ishirini hivi, udongo mwekundu katikati na mtaro upande mmoja. Wengi ni Wakatoliki, Wanande kama sisi, watu wa kakao na biashara ndogondogo. Kuna nyumba tatu za Waislamu, watu wa magari. Chini bondeni kuna Wasabato wanaofuga mbuzi. Na kuna mke wa mwanajeshi, aliyetoka magharibi ya mbali, mwenye kanisa linalosherehekea Noeli mwezi wa tano. Anasema Lingala kwa sauti kubwa sana hata wote tumejifunza matusi yake.

Mkabala na mlango wa mama, ng'ambo ya njia, aliishi mzee Mwislamu aliyeendesha lori la Kasindi, mpakani, tangu kabla sijazaliwa. Tulimwita muzee, bila kuongeza kitu, ingawa wazee wengine walikuwepo. Alipoacha kuendesha, alibaki na kazi ya kisu. Harusi, matanga, ubatizo, kama kuna mnyama wa kuchinja, ni yeye.

Sasa nieleze desturi yetu. Kwenye avenue ile mbuzi wa Noeli hununuliwa na Wakatoliki lakini huchinjwa na muzee. Sababu ni nyepesi: akichinja yeye, wote wanakula chungu kimoja. Asubuhi ya Noeli, baada ya misa, mama yangu alikuwa akimshika mbuzi kwa kamba, anamvusha njia mbele ya macho ya watu na kuiweka kamba mkononi mwa muzee. Hakuna maneno. Muzee anaipokea, anataja jina la Mungu, anafanya kazi yake, kisha anairudisha kamba ikiwa imeoshwa. Shingo ni yake. Siku ya Idi mambo yaligeuka: mama ndiye aliyeingia kwenye uwanja wa muzee tangu asubuhi kumenya ndizi na kuchambua mchele, na mke wa muzee ndiye aliyetoa amri. Hakuna padri wala shehe aliyetuagiza. Hatukuiita jina la maana. Tulisema tu "kupeleka kamba."

Mauaji yalipozidi, watu walianza kumwangalia muzee kwa jicho lingine. Wauaji wa msituni, watu walisema, wanasali kama yeye. Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyemtupia neno. Ila harusi mbili zilipita avenue ile bila yeye kuitwa. Wanawake waliokuwa wakimpelekea kuku walianza kuchinja wenyewe nyuma ya jiko. Noeli moja ilipita bila mbuzi kabisa, kwa sababu nusu ya avenue ilikuwa kwenye matanga, na tangu hapo kamba ilibaki kwenye msumari wake nyumbani kwa mama.

Mdogo wangu wa kike, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi na mama, ndiye aliyenieleza mambo hayo kwa simu. Aliniambia pia kwamba muzee alikuwa amezungumza na mama mlangoni. Alikuwa amesema kwamba atangojea Noeli inayokuja. Kamba ikifika kwake, atabaki afie hapo. Isipofika, atauza parcelle na kwenda kwa binti yake Kasindi, maana hawezi kuzeeka mahali ambapo watu wanaogopa mikono yake.

Halafu mama alichukua simu.

"Mwaka hii mbuzi ikuwe ya muzuri," aliniambia. "Nitamupelekea kamba mimi mwenyewe, batu bote baone na macho yabo."

Nilikuwa deponi. Lori lilikuwa linashusha saruji na mvua ilikuwa imeanza. Nilimjibu kwamba asihangaike, mbuzi ni kazi yangu, na si mbuzi tu, sikukuu nzima ni kazi yangu.

Sikudanganya. Nilikuwa na mpango niliouleta kutoka ng'ambo.

Katika mji ule wa baridi, mwezi wa kumi na mbili jua linazama saa kumi, na watu wa mtaa wetu, waliotoka kila pembe ya dunia, walikuwa na ukumbi mdogo nyuma ya maktaba. Mara moja kwa mwaka tulikutana humo kusherehekea sikukuu zote za majira ya baridi kwa pamoja. Wayahudi waliwasha mishumaa yao. Mama mmoja wa Irani aliweka makomamanga na tikiti kwa ajili ya usiku ulio mrefu zaidi katika mwaka. Wahabeshi walituambia kwamba Noeli yao bado, inakuja mwezi wa kwanza, lakini watakula yetu kwanza. Kila kundi lilikuwa na meza yake, na juu ya kila meza palikuwa na kadi inayoonyesha hii ni ya nani na ndani ya chakula mna nini, ili mtu asile kilichokatazwa kwake. Miaka mitatu ya mwisho mimi ndiye niliyepanga meza hizo. Walinichagua kwa sababu ya diploma, na kwa sababu wengine wote wakipanga watu waligongana mlangoni. Nilichora njia ya kuingia na njia ya kutoka, kama ghala. Mwenyekiti, mzungu mzee, alisimama mbele ya wote akanishukuru. Kati ya mambo yote niliyoyapata huko, hilo lilinikaa moyoni kuliko mshahara, kwa sababu nje ya ukumbi ule hakuna aliyeijua hata namna ya kulitamka jina langu.

Basi nikasema: nitawafanyia Mulekera ukumbi ule. Watu waliochoshwa na maziko wataona kwamba kuna namna ya kuishi pamoja, yenye heshima na mpango. Nilikodi mahema na viti Beni kwa simu. Niliandika kadi kwa mkono wangu, herufi kubwa, kwenye karatasi ngumu ya rangi. Niliagiza mbuzi watano kutoka Kayna, wa milimani, wanono. Na hapa ndipo penye kosa lote, nalo ni dogo kiasi kwamba nikilisimulia watu hungojea niendelee. Gari langu lilikuwa jipya, lenye viti vya ngozi. Sikutaka mbuzi watano walio hai wanikojolee humo kwa mwendo wa Butembo hadi Beni. Niliwapeleka kwa mchinjaji mmoja wa Butembo, akawachinja, akawakata vizuri vipande sawasawa, akaviweka ndani ya mabeseni yenye vifuniko. Kuhusu Waislamu, nilikuwa nimewafikiria, msidhani sikuwafikiria. Nilimlipa mama mmoja Mwislamu wa Beni mjini apike kuku na wali, achinjiwe na mtu wa dini yake, avilete kwenye meza yao. Niliona nimewaheshimu kupita wote.

Nilifika Mulekera asubuhi ya Noeli, saa tatu. Misa ilikuwa imesomwa jana yake mchana. Misa ya usiku Beni sasa husomwa jua likiwa juu, na watu huimba kuhusu nyota huku jasho likiwatiririka. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kiatu cha kufunga, na mkononi alikuwa ameshika kamba. Ilikuwa kamba ya katani, ya zamani, imelainika kwa kuoshwa.

Ng'ambo ya njia muzee alikuwa ameketi chini ya upenu wake. Kanzu yake ilikuwa nyeupe na imepigwa pasi. Mbele yake palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda kitu kilichofungwa kwa kitambaa safi. Watu wengi kuliko kawaida walikuwa wamesimama milangoni, bila kazi ya kuonekana. Nilidhani wametoka kuliangalia gari.

Vijana niliowakodi walifungua nyuma na kuanza kushusha mabeseni. Mama alilizunguka gari mara moja, akachungulia viti vya nyuma.

"Mbuzi iko wapi?"

"Ni hizi, mama. Tano."

"Mi nakuuliza mbuzi, hapana nyama."

Nilimweleza habari za viti, za barabara, za mchinjaji anayepima nyama kwa mashine. Jirani mmoja, mwendesha pikipiki, alisema kwa sauti ya kusikiwa, "Mbuzi ya patron ilikuya na climatiseur, sisi tunakula vumbi," na watu wakamcheka mbuzi aliyesafiri kwa hewa baridi. Nami nilicheka. Mama hakucheka. Alitazama kamba yake kana kwamba mtu amempa aishikilie kidogo na hakurudi. Kisha akaingia ndani.

Mdogo wangu alinivuta kando, nyuma ya hema, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, kuko mbuzi kwa ba Sabato pale chini. Tununue moja, mama amupeleke. Wakati ingali."

Wakati ulikuwepo kweli. Huo ndio ukweli ambao nimeukwepa mara nyingi nikisimulia. Bondeni palikuwa karibu, Wasabato wangeuza, na kwa nusu saa mbuzi angekuwa amevuka njia. Lakini nilikuwa nimeleta mbuzi watano. Niliwaona wale watu milangoni, nikawaza watasema nini wakiona mtu wa diploma amekosea hesabu ya sikukuu yake na anakimbia bondeni kununua beberu wa Wasabato.

"Nyama yote hii, na tuue ingine?" nilimwambia. "Batu bataseka."

"Mais weye haukusikia mama ku simu?"

Nilimwambia nilisikia, na kwamba muzee ametengewa meza yake, kuku wake, wali wake wa pilau. Ataona mwenyewe. Mdogo wangu alinitazama jinsi anavyowatazama wanafunzi wake, nafikiri, wanapojibu haraka. Akaenda kusaidia kupanga viti.

Meza zilipendeza. Hata leo nasema zilipendeza. Sita, na kadi juu ya kila moja: WAKATOLIKI, WAISLAMU, WASABATO, WAPROTESTANTI, WAKIMBIZI, kwa sababu kulikuwa na familia kadhaa zilizotoka vijijini, na ya sita ilikuwa ya vinywaji. Nilichora njia ya kuingia kwa chokaa. Watu walipofika, walisimama. Walikuwa wamezoea kuketi popote, mikeka ikitandikwa mbele ya nyumba ya mama, sinia likiwa katikati na mikono ikikutana ndani yake. Sasa walisoma kadi, wakatafuta jina lao, wakaenda. Walitii. Ilikuwa kama kwenye ofisi ya serikali.

Mke wa mwanajeshi alipita meza zote, akarudi mwanzo.

"Noeli ya biso iko mwezi wa tano," aliniambia. "Donc leo mi niikale na nani? Na primus?"

Watu walicheka, na hicho kilikuwa kicheko cha mwisho cha siku ile kinachostahili kukumbukwa. Alijiketisha kwenye meza ya vinywaji, kando ya bia hiyo, na kukaa hapo hadi jioni.

Muzee alikuja. Sikuwa na hakika kama atakuja, nami nilipomwona anavuka njia na mke wake na familia zile mbili nyingine, nilifurahi, nikajiambia nilijua. Alikuwa ameacha kitambaa chake na kilichomo nyumbani. Nilimwongoza mimi mwenyewe kwenye meza yao, nikamvutia kiti. Kwenye hema lile lote, wao peke yao walikuwa wamekaa pamoja chini ya neno lile, watu tisa, na ingawa hakuna aliyesema kitu, kila mtu aliyeinua macho kutoka sahani yake aliwaona. Kabla ya siku ile, hata wale waliomwogopa walikuwa hawajawahi kumwona akitengwa. Walikuwa wakimkwepa mmoja mmoja, kwa siri, kwa aibu kidogo. Mimi niliwapa mahali pa kuangalia.

Aliniuliza kwa upole, "Nani alichinja?"

"Boucher wa Butembo, muzee."

"Ni Mwislamu?"

"Sijue, muzee. Mais yenu ni kuku. Kuku ilichinjwa na mutu yenu."

Aliikamata ile kadi, akaisoma, akairudisha ilivyokuwa, imesimama wima.

"Umetengeneza muzuri," alisema. "Tangu ungali hauyazaliwa nilikuwa nakula ku sahani ya mama yako. Leo njo siku ya kwanza ninakuwa mugeni hapa."

Nilikuwa na maneno mengi ya hotuba mfukoni, kuhusu dini kuheshimiana, yameandikwa. Niliyasoma baadaye na watu wakapiga makofi.

Mama hakuketi kwenye meza ya Wakatoliki, ingawa nilikuwa nimemwekea kiti chenye kitambaa mbele. Alitoka ndani akiwa na sahani tupu, akaenda akaketi kando ya muzee, akachukua wali. Nyama ya mbuzi hakuigusa. Muzee alimsogezea paja la kuku, mama akala, wote wawili wakila polepole, kama watu waliokaa kwenye matanga. Nilingojea mtu mwingine awafuate. Mdogo wangu alikwenda. Baada yake hakuna.

Siku mbili baadaye, bado niko Beni, nilimsikia mwanamke mmoja pale bombani akimwambia mwenzake, "Hata ule wa Bulaya alikataa kisu yake. Ule alisoma. Iko kintu anajua." Hakujua kwamba niko nyuma ya uzio nanyoa ndevu. Nilisimama na wembe hewani. Maisha yangu yote nimetaka watu waseme kwamba nimesoma na kwamba nina kitu ninachojua. Ndivyo walivyosema.

Nilitoka nikiwa na sabuni nusu ya uso, nikawaambia si kweli, ni viti vya gari tu, sikutaka mikojo ya mbuzi. Walisema ndiyo, patron, na wakainama kwenye madumu yao. Maelezo yangu yalifanana na uongo. Mimi mwenyewe niliyasikia.

Bonané, mwaka mpya, ilipita bila mtu kusherehekea sana. Juma lilelile muzee aliuza parcelle. Nilikwenda kwake nikamwomba aniuzie mimi, niifunge, niitunze hadi atakapotaka kurudi. Alikuwa ameshika mkono wa mnunuzi tayari, mfanyabiashara wa mbali ambaye hadi leo hajui kusalimia. Nilimwomba msamaha pia. Nilisema kwa Kinande, kisha kwa Kiswahili, kwa sababu sikujua kipi kitaingia. Alinijibu kwamba mimi sina ubaya, kwamba ubaya ungekuwa rahisi. Aliniomba kitu kimoja: kama gari langu halina kazi, nimpeleke Kasindi na vitu vyake.

Tulikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, malori katikati, kama watu wanavyosafiri barabara ile sasa. Kwenye viti vile vya ngozi tuliweka masufuria, magodoro, jiko la makaa na kuku wawili walio hai, na kuku walifanya wanachofanya kuku. Mke wake aliketi nyuma akiwa amekumbatia saa ya ukutani. Muzee aliketi mbele, akiangalia barabara kwa macho ya dereva. Penye shimo mguu wake wa kulia ulibonyeza sakafu kabla yangu.

Kabla ya kufika mtoni alisema, "Hapa njo ulitapika."

Nilikuwa nimesahau, au nilikuwa nimejizoeza kusahau. Nimesema kwamba kila tofali nililiweka mwenyewe, na sitalifuta neno hilo. Lakini siku niliyoondoka nchi hii nikiwa na mashati yangu mawili, nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya maharagwe kwenye lori la muzee, likielekea mpakani, bila yeye kuniuliza nauli wala ninakokwenda. Njiani nilitapika kwa sababu ya moshi, akasimamisha lori, akanipa maji ya kusukutua, akaniweka mbele, kwenye kiti nilichokaa hadi Kasindi. Katika hadithi ninayowasimulia watu kuhusu safari yangu, husema "nikapata lori."

Nilimshusha kwa binti yake, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la mpakani. Aliposhuka alinishukuru kwa Kinande, "wasingya," neno ambalo yeye si mtu wa kulitumia sana, na akaniambia nimsalimie mama. Niliingiza mkono mfukoni kutafuta cha kumpa. Aliuona mkono, akageuka kubeba saa ya ukutani. Niliuacha mfukoni.

Nilirudi na msafara wa siku iliyofuata. Viti vilinuka kuku kwa majuma. Fundi wa kuosha magari pale Kimemi alitaka kuvitoa vyote avisugue kwa dawa, nikamwambia aache.

Mama yangu hajanisuta hata mara moja. Anapika nikija, ananiuliza depo inaendeleaje, anawaonyesha wageni picha yangu nikiwa na joho la diploma. Noeli iliyofuata nilimpigia simu mapema kumwuliza anataka mbuzi wa namna gani, akasema mwenye kisu hayuko, hakuna haja ya kamba. Nilikwenda Mulekera na mchele, mafuta na sabuni, na sikubeba nyama. Wanawake wa avenue walipika sombe, majani ya muhogo, na maharagwe. Mikeka ilitandikwa mbele ya nyumba, sinia katikati. Niliketi pale nilipopata nafasi, kati ya mke wa mwanajeshi na Msabato mmoja. Familia zile mbili za Waislamu zilizobaki zilialikwa. Moja ilituma mtoto aseme asante, wana mgonjwa. Nyingine haikutuma mtu. Ng'ambo ya njia mnunuzi alikuwa amejenga ukuta na kupanda vipande vya chupa juu yake.

Baada ya kula nilimpigia muzee simu Kasindi. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na nyuma yake magari makubwa yalikuwa yananguruma. Alitaka kujua kwanza habari ya mama, kisha ya mvua, kisha ya barabara.

"Mulichinja?" aliuliza.

"Hapana, muzee. Tulikula sombe."

"Meza ngapi?"

"Mukeka. Moja."

Alicheka kidogo, akakohoa. Nilimwuliza kama huko naye anachinja, maana Kasindi kuna Wakristo wengi na Noeli ni Noeli kila mahali.

"Huku hakuna mutu ananijua," alisema. "Kisu iko mu sanduku. Nani ataniletea kamba?"

Mama alikuwa karibu yangu, akikusanya sahani. Aliniuliza muzee amesema nini. Nilimwambia anamsalimia sana. Aliitikia kwa kichwa, akangojea kama kuna lingine, kisha akaingia ndani na sahani. Kamba ilikuwa kwenye msumari wake, pembeni ya mlango, imekauka na kukunjamana, na alipopita aliikwepa kwa bega bila kuitazama.